Bei ni maelewano, uzito ni mizani

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mliokaa hadi sakafuni, nawasalimu.

Siku moja nilikuwa nikifundisha somo la joto na miale. Nilikuwa nimechora ubaoni mstari unaopanda, mstari wa hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, angani, nikageuka na kumwona mwanafunzi amenyoosha mkono. Akauliza: "Mwalimu, na wewe uko upande gani?" Hakukosa adabu. Alikuwa amesikia nyumbani, redioni na kwenye simu kwamba ongezeko la joto duniani ni jambo la pande mbili, kama uchaguzi ulivyo na vyama, naye akataka kujua mwalimu wake amesimama wapi kabla hajaamua kama anakili ule mstari au aweke kalamu chini. Nilimjibu kwamba sayansi haina upande, nikaendelea na somo. Lilikuwa jibu la mtu mwenye haraka. Leo nataka kumjibu ipasavyo, na ninyi mnisikilize kwa niaba yake.

Mtu akienda sokoni kununua nafaka, mambo mawili hutokea mbele ya macho yake. La kwanza ni bei. Bei ni maelewano: muuzaji hutaja yake, mnunuzi hutaja yake, wataombana na kununiana hadi wafike mahali. La pili ni uzito, na huo hauna maelewano. Mzigo unawekwa kwenye sahani, mshale unasimama unaposimama. Mnunuzi akiona bei imemshinda ana haki ya kuomba apunguziwe, kununua nusu, au kwenda zake. Asichokuwa na haki nacho ni kupenyeza kidole chini ya sahani ili mzigo uonekane mwepesi.

Sayansi ya tabianchi ni mizani. Siasa ya tabianchi ni bei: nani apunguze, apunguze lini, nani alipe, nani afidiwe. Zote mbili ni kazi halali na siidharau hata moja. Ila kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini, watu walioogopa bei wamekwenda kushika mizani, na madhara ya kidole hicho tunayo hadi leo.

Niseme kwanza habari za mizani yenyewe, kwa sababu wengi hudhani ilitengenezwa juzi na wanaharakati. Mwaka 1856 mwanamke wa Marekani, Eunice Foote, alichukua mirija miwili ya kioo, akaweka vipimajoto ndani, akatumia pampu kubadilisha hewa iliyomo, kisha akaianika juani. Alijaribu hewa kavu, akajaribu hewa yenye unyevunyevu, akajaribu hewa ukaa. Mrija wa hewa ukaa ulipata joto kuliko mingine, na ulipoondolewa juani ulichelewa sana kupoa. Akaandika kwamba angahewa yenye gesi ile ingeipa dunia yetu joto kubwa. Karatasi yake ilisomwa mwezi Agosti mwaka huo mbele ya wanasayansi waliokutana Albany, lakini si kwa sauti yake. Aliyeisoma ni mwanamume, Profesa Joseph Henry. Ikasahaulika kwa zaidi ya miaka 150, hadi mwaka 2011 mstaafu mmoja aitwaye Ray Sorenson alipoikuta katika machapisho ya kale na kuitangaza. Sorenson alikuwa mjiolojia wa mafuta. Maisha yake ya kazi yalikuwa kutafuta mafuta ardhini, na ndiye aliyemrudishia Foote heshima yake. Kila nikisimulia habari hii hufurahi mahali hapo, maana inaonyesha kwamba mshale wa mizani anaweza kuusoma mtu yeyote mwaminifu, awe anapata riziki yake wapi.

Miaka mitatu baada ya Foote, huko London, John Tyndall alitumia vifaa bora zaidi akatenganisha kile ambacho mirija ile haikuweza kutenganisha. Naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote tunayovuta, huacha miale ya joto ipite bila kizuizi. Mvuke wa maji na hewa ukaa huizuia. Mwanga wa jua huingia, ardhi hupata joto, ardhi nayo hulitoa joto hilo kwa miale isiyoonekana kwa macho, na miale hiyo hunaswa njiani na kurudishwa kwa sehemu. Isingekuwa hivyo, wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya nyuzi 15 hivi juu yake, na sisi tusingekuwapo kuzungumza. Kwa hiyo msichukie gesi hizi. Ni blanketi lililotulea. Tunachouliza ni unene wake.

Svante Arrhenius wa Uswidi aliuliza swali hilo mwaka 1896, kwa kalamu na karatasi na hesabu za miezi mingi: hewa ukaa ikiongezeka maradufu, joto litapanda kiasi gani? Akapata nyuzi 5 au 6. Mwaka 1979 jopo la wanasayansi wa Marekani chini ya Jule Charney lilikadiria kati ya 1.5 na 4.5. Ripoti kuu ya kimataifa ya mwaka 2021 ikabana zaidi: kati ya 2.5 na 4, na kadirio bora zaidi ni 3. Namba zimesogea, kama zinavyosogea kipimo kinaposafishwa, lakini kwa zaidi ya miaka 120 hakuna hesabu makini iliyokuja na jibu la sifuri.

Kisha akaja Charles David Keeling. Huyu nataka kukaa naye kidogo. Mwaka 1958 alifunga kifaa chake kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, kama mita 3,400 juu ya bahari, mbali na viwanda na miji. Kipimo cha kwanza kilisoma sehemu 313 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni za hewa. Miezi ikapita, namba ikapanda hadi Mei, ikashuka hadi karibu Oktoba, ikaanza kupanda tena. Mwaka wa pili ikawa vilevile. Keeling alikuwa anaisikiliza dunia ikipumua: mimea ya nusu ya kaskazini, ambako ndiko kwenye sehemu kubwa ya nchi kavu, huvuta hewa ukaa inapochipua na kuirudisha majani yanapooza. Sijui kama kuna grafu nyingine yenye uzuri kama huo. Ila kila pumzi ilianzia juu kidogo ya pumzi ya mwaka uliotangulia, na haijawahi kurudi ilipokuwa. Leo wastani wa mwaka umepita 420. Kabla ya zama za viwanda ulikuwa kama 280, na mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika yanaonyesha kwamba katika miaka 800,000 haukupata kufika hata karibu na tulipo sasa.

Hapa ndipo msikilizaji mwenye shaka huniuliza swali la haki kabisa: umejuaje kwamba ni sisi? Tabianchi imebadilika mara nyingi kabla ya binadamu kuwasha tanuri. Ni kweli, imebadilika. Watu pia walikufa kwa maradhi kabla hajatokea muuaji wa kwanza, na bado mpelelezi akikuta alama za vidole kwenye kisu hasemi kwamba vifo vimekuwapo siku zote. Alama za vidole zipo. Nitataja tatu.

Ya kwanza iko ndani ya kaboni yenyewe. Kaboni si ya aina moja. Ipo nyepesi, kaboni-12. Ipo nzito kidogo, kaboni-13. Na ipo kaboni-14, ambayo huoza polepole hata nusu yake ikatoweka kila baada ya miaka 5,730 hivi. Mimea hupendelea ile nyepesi. Makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia ni mabaki ya viumbe vilivyojengwa kwa kaboni ya aina hiyo, na yamelala ardhini mamilioni ya miaka, kaboni-14 yao yote imekwisha. Basi kama hewa ukaa mpya inatoka kwenye mabaki hayo, hewa yote itazidi kuwa na kaboni nyepesi, na kaboni-14 itazimuliwa. Ndivyo ilivyo. Hans Suess alikwisha kuuona uzimuaji huo ndani ya pete za miti miaka ya 1950. Volkano, ambazo husingiziwa sana, haziachi alama hiyo ya kaboni nyepesi, na hewa ukaa wanayotoa binadamu kwa kuchoma nishati za kisukuku, karibu tani bilioni 37 kwa mwaka, inazidi ya volkano zote zaidi ya mara mia moja.

Ya pili ni oksijeni. Kitu kikiungua hula oksijeni. Ralph Keeling, mtoto wa yule wa mlimani, alibuni njia ya kuipima kwa usahihi mkubwa mno, na akaonyesha kwamba oksijeni angani inapungua. Inapungua kidogo sana, msiogope kukosa pumzi, lakini inapungua, kama inavyotarajiwa panapowaka moto.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Lingekuwa jua ndilo limeongeza ukali, angahewa ingepata joto kuanzia juu hadi chini. Mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald walikokotoa kwamba hewa ukaa ikiongezeka, tabaka la chini litapata joto huku tabaka la juu, stratosfia, likipoa, kwa sababu blanketi huzuia joto lisifike kule na gesi ileile kule juu hutupa joto angani. Hakukuwa na setilaiti ya kuwathibitishia wakati ule. Setilaiti zilipokuja zikakuta chini kunapanda na juu kunapoa. Manabe alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2021, miaka 54 baada ya hesabu ile. Na mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991 na kutapika vumbi na salfa hadi stratosfia, mwanasayansi wa tabianchi wa Marekani James Hansen na wenzake walichapisha mapema utabiri kwamba dunia ingepoa kwa muda kwa karibu nusu nyuzi. Ikapoa. Ikarudi kupanda.

Hayo ndiyo ya mizani. Sasa bei.

Vijana wengi hushangaa nikiwaambia kwamba siasa haikuanza kwa ugomvi. Februari 1965 Rais Lyndon Johnson alilitajia Bunge la Marekani ongezeko la hewa ukaa kutokana na kuchoma nishati za kisukuku, na hakuna aliyemwita mzushi. Juni 23, 1988, katika joto kali la Washington, Hansen aliwaambia maseneta kwamba ana uhakika wa asilimia 99 kuwa joto linalopanda si bahati nasibu ya asili. Miezi mitatu baadaye Waziri Mkuu wa Uingereza Margaret Thatcher, mwanakemia kwa elimu na mhafidhina ambaye hakuna awezaye kumwita mwanaharakati wa mazingira, alisimama mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, na kuonya kwamba huenda binadamu tumeanza, bila kujua, jaribio kubwa juu ya mfumo wa sayari hii. George Bush mkubwa, akigombea urais mwaka huohuo, aliahidi kutumia nguvu za Ikulu kupambana na jambo hilo. Mwaka huohuo pia Umoja wa Mataifa ukaunda Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi. Na mwaka mmoja kabla, Itifaki ya Montreal ilikuwa imetiwa saini kulinda tabaka la ozoni: wanasayansi walipima, serikali zikabishana bei, kemikali zikaondolewa, na ozoni sasa inapona. Kwa hiyo tunajua kwamba inawezekana. Tumekwisha kufanya.

Nini kilibadilika? Kemikali zilizoharibu ozoni zilitengenezwa na viwanda vichache, na mbadala wake ulipatikana. Kaboni ni umeme, ni usafiri, ni saruji, ni chuma, ni mbolea. Mara tu ilipodhihirika kwamba mazungumzo ya bei yanakuja, na kwamba bei itakuwa kubwa, baadhi ya waliotakiwa kulipa waliona ni rahisi zaidi kutilia shaka uzito.

Mwaka 1989 kampuni za mafuta, makaa ya mawe, umeme na magari ziliunda muungano ulioitwa Global Climate Coalition. Kazi yake ya hadharani ilikuwa kusema kwamba sayansi bado haina uhakika. Mwaka 1995 wataalamu wa muungano huohuo waliandika rasimu ya ndani ikisema kwamba msingi wa kisayansi wa jinsi gesi hizi zinavyonasa joto umethibitika vizuri na hauwezi kukanushwa. Rasimu ikabaki ndani, tangazo la shaka likaendelea nje. Kule kwenye kampuni ya mafuta ya Exxon wanasayansi walikuwa wakiwaeleza wakubwa zao tangu mwaka 1977. Watafiti walipokusanya makadirio ya kampuni hiyo na kuyachapisha mwaka 2023, walikuta wanasayansi wake walikuwa wamekadiria joto kupanda kama nyuzi 0.2 kila miaka kumi, na hivyo ndivyo lilivyopanda. Lakini Oktoba 1997, miezi miwili kabla ya mkutano wa tabianchi wa Kyoto, mkuu wa kampuni hiyo Lee Raymond alisimama Beijing na kuuambia mkutano wa wenye mafuta kwamba dunia ni baridi zaidi kuliko ilivyokuwa miaka 20 nyuma. Walikuwa na mizani nzuri nyumbani. Waliifunika kwa nguo walipotoka kwenda sokoni.

Mwaka 2002 mshauri wa siasa wa chama cha Republican, Frank Luntz, aliandika waraka akiwashauri wanasiasa wake waendelee kufanya ukosefu wa uhakika kuwa hoja kuu, kwa sababu umma ukiamini kwamba sayansi imekamilika, maoni yake yatabadilika. Mwaka 2019 alikwenda mwenyewe mbele ya kamati ya maseneta akasema kwamba alikosea, na akawaomba waache kutumia maneno yale. Namheshimu kwa hilo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika jambo hili ilikuwa ndefu mno, na kila mwaka wa urefu wake umeongeza hewa ukaa ambayo sehemu yake itabaki angani kwa karne nyingi.

Nataka hapa kutofautisha, maana si kila aliyepinga alikuwa na kidole kwenye mizani. Julai 1997 Baraza la Seneti la Marekani lilipitisha azimio la maseneta Byrd na Hagel kwa kura 95 kwa sifuri. Azimio lilisema Marekani isitie saini mkataba unaoilazimu kupunguza gesi bila nchi zinazoendelea nazo kuwajibika katika kipindi hichohicho, au unaoudhuru uchumi wake sana. Mimi nadhani azimio lile halikuwa la haki, kwa kuwa nchi iliyochangia karibu robo ya hewa ukaa yote iliyowahi kutolewa kwa nishati za kisukuku ilikuwa inadai waanze pamoja na waliochangia tone. Lakini lilikuwa azimio la bei. Halikusema joto halipandi. Mtu wa namna hiyo tunaweza kukaa naye mezani hata usiku kucha, na mwishowe tukapata kitu. Mtu anayekana kilo zilizo mbele yake huwezi kujadiliana naye chochote.

Naomba pia tumfikirie mchimbaji wa makaa ya mawe, ambaye baba yake alichimba na babu yake alichimba. Akisikia neno "tabianchi" anasikia "kazi yako imekwisha". Hakuna aliyekwenda kwake kumwambia: huu hapa uzito, na hii hapa bei, na katika bei hii wewe peke yako hutaachiwa mzigo. Aliyemfikia kwanza ni yule aliyemwambia kwamba uzito ni uongo. Mimi simwiti mchimbaji huyo mjinga. Sisi tulichelewa kumfikia, na wengine wetu tulimfikia kwa dharau.

Na mizani yenyewe, je, haikosei? Hukosea, na hili tuliseme wazi. Kwa miaka kadhaa vipimo vya setilaiti vya kundi moja la watafiti vilionyesha kwamba angahewa haipati joto, na wenye shaka wakavishika kama ngao. Mwaka 1998 watafiti wengine wakaonyesha kwamba setilaiti zilikuwa zikishuka polepole katika njia zao na kupotosha hesabu. Zikasahihishwa. Ripoti ya Jopo ya mwaka 2007 ilidai kwamba barafu za Himalaya zingeweza kutoweka ifikapo 2035. Lilikuwa kosa la aibu, na mapema mwaka 2010 Jopo lilikiri. Mwishoni mwa mwaka 2009 barua pepe za watafiti wa Chuo Kikuu cha East Anglia ziliibwa na kusambazwa wiki chache kabla ya mkutano wa tabianchi wa Copenhagen. Tume kadhaa zikachunguza. Zikakuta watu wenye hasira, wenye lugha chafu mahali fulani, wagumu kutoa takwimu zao kwa wapinzani, na hilo la mwisho lilikuwa kosa la kweli. Udanganyifu wa takwimu hazikuukuta.

Mwanafizikia Richard Muller wa Berkeley alikuwa miongoni mwa waliotilia shaka rekodi za vipimajoto, na shaka yake ilikuwa ya heshima. Akakusanya rekodi upya, akatengeneza njia yake ya hesabu, sehemu ya fedha zake zikitoka kwenye taasisi ya tajiri wa mafuta, Charles Koch. Mwaka 2012 akatangaza matokeo: joto limepanda kama walivyosema wengine, na chanzo ni binadamu, karibu chote. Yeye alikuwa na shaka, akapima. Hiyo ndiyo shaka ninayowafundisha wanafunzi wangu. Ile ya kuingia Bungeni na donge la theluji mkononi, kama Seneta James Inhofe alivyofanya Februari 2015, inachanganya hali ya hewa ya asubuhi moja ya Washington na tabianchi ya dunia nzima, na mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kuonyeshwa tofauti hiyo kwa dakika kumi.

Lipo kosa jingine, na linatoka upande wangu. Nyuzi 2, na nyuzi 1.5, mipaka ya ongezeko la joto iliyoandikwa katika Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, hazikutoka kwenye mrija wa kioo. Sayansi ilieleza nini kingetokea kwa kila kiwango: matumbawe kiasi gani yangekufa, bahari ingepanda vipi, joto kali lingerudi mara ngapi. Kisha nchi, zikisukumwa zaidi na visiwa vidogo ambavyo kwao nusu nyuzi ni suala la kubaki au kuzama, ziliamua kiasi cha hatari zinachoweza kukikubali. Huo ni uamuzi wa kisiasa, na ni uamuzi mzuri. Tukiuita "amri ya sayansi" tunawanyima watu haki ya kujua kwamba kuna binadamu walioketi na kuchagua. Vivyo hivyo, mwaka 2018 Jopo liliposema kwamba ili kubaki chini ya 1.5 hewa ukaa inayotolewa na binadamu inapaswa kupungua kwa karibu asilimia 45 ifikapo 2030 ikilinganishwa na mwaka 2010, mitaani ikageuka kuwa "dunia itakwisha baada ya miaka kumi na miwili". Hakuna ripoti iliyosema hivyo. Kidole kile kile, safari hii kikiwa juu ya sahani badala ya chini yake. Nimewaona vijana waliovunjika moyo kwa maneno hayo, na nimewaona wengine walioacha kusikiliza kabisa.

Mkitaka kuona mizani na bei zikisuguana, tazameni jinsi Jopo linavyofanya kazi. Wanasayansi huandika ripoti nzima. Lakini muhtasari kwa watunga sera hupitishwa na wajumbe wa serikali, mstari kwa mstari, wanasayansi wakiwa chumbani kuhakikisha hakuna neno linalopingana na ushahidi. Ni kazi ya kuchosha na inakesha watu. Wengine huona ni udhaifu. Mimi naona kinyume: zinapotoka pale, serikali zote, hata zinazoishi kwa mafuta, zimeweka sahihi kwenye uzito. Ndiyo maana lugha ya ripoti ilipanda pole pole mno, kutoka "inaelekea" mwaka 2001 hadi mwaka 2021 ilipoandikwa kwamba haina utata kuwa binadamu ameipasha joto angahewa, bahari na ardhi. Na ndiyo maana Desemba 2018, kwenye mkutano wa tabianchi kule Katowice, Poland, nchi za Marekani, Saudi Arabia, Urusi na Kuwait zilikataa mkutano "kuikaribisha" ripoti ya nyuzi 1.5, zikataka "kuizingatia" tu. Walipigania kitenzi kwa sababu walijua uzito ukishapokewa, mazungumzo yanayofuata ni ya bei.

Na bei yenyewe ni ngumu, tusidanganyane. Leo China hutoa karibu theluthi ya hewa ukaa ya kila mwaka, lakini kwa jumla ya kihistoria Marekani inaongoza. Aliyetoa nyingi zamani alipe zaidi, au anayetoa nyingi leo? Nchi maskini yenye mafuta yaliyogunduliwa juzi iambiwe iyaache ardhini, na nani? Dola bilioni 100 kwa mwaka ambazo nchi tajiri ziliziahidi nchi maskini mwaka 2009 kwamba zingefika ifikapo 2020 zilitimia mwaka 2022. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, ulikubaliwa mwaka huohuo baada ya miaka thelathini ya kuombwa na visiwa. Ilichukua hadi mkutano wa Dubai wa 2023 kwa nchi zote kuandika pamoja kwamba dunia inapaswa kuondokana na nishati za kisukuku. Watu wenye akili na nia njema watatofautiana kuhusu kodi ya kaboni, kuhusu nyuklia, kuhusu kasi. Mwanafunzi wangu ana haki ya kuwa na upande katika hayo yote, na mimi pia ninao, na siku nyingine nitautetea kwa nguvu. Kwenye namba ya Mauna Loa sina upande. Naisoma tu.

Na namba hiyo haijiandiki yenyewe. Mwaka 1964 fedha zilikatwa, na kwa miezi michache kifaa cha Keeling kikanyamaza. Pengo lile lipo kwenye grafu mpaka leo. Alipigania fedha za kipimo hicho karibu maisha yake yote, hadi alipofariki mwaka 2005. Novemba 2022 mlima wenyewe ulilipuka, lava ikakata barabara na umeme wa kituo. Mwezi uliofuata watafiti wakapandisha vifaa mlima jirani, Maunakea, kilomita zaidi ya thelathini kutoka pale, wakaendelea kuhesabu kutoka huko hadi ilipowezekana kupima tena Mauna Loa.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Sasa niko tayari kwa maswali, na nitaanza na walioketi sakafuni.